Akikushika Mkono Njiani, Ufanyeje?

SWALI: Nikitoka kazini jioni, wanaume nisiowajua hunifuata wakinitupia maneno. Juzi mmoja alinishika kifundo cha mkono. Je, nibebe kisu?

JIBU: Pole sana. Kosa ni lao, si lako. Kisu usibebe: silaha usiyoizoea hunyang'anywa upesi, na pengine sheria ikakugeukia wewe.

Anayekufuata, usimwongoze hadi nyumbani. Ingia penye watu na mwanga. Akikaribia, rudisha mguu mmoja nyuma, inua viganja wazi usawa wa kifua, upaze sauti: "Sikujui! Rudi nyuma!" Neno "sikujui" lina kazi kubwa, kwani wapita njia mara nyingi hudhani ni ugomvi wa wapenzi wakapita zao. Matusi yaache, humchochea.

Akikushika kifundo, usivute mkono kinyumenyume. Hapo unashindana na vidole vinne, naye atakuburuta. Udhaifu wa mshiko uko pale gumba linapokutana na vidole. Kunja ngumi, zungusha mkono mpaka upande mwembamba wa kifundo uelekee mwanya huo, kisha songa nusu hatua kumwelekea na ukunje kiwiko kwa kishindo. Akitumia mikono miwili, ishike ngumi yako kwa mkono wa pili, uvute juu kwa uzito wa mwili mzima.

Ukichomoka, kimbia, wengi husimama kugombana na kushikwa tena. Fanya zoezi na rafiki, polepole kwanza, mara 20 kila mkono. Tukio hilo la juzi karipoti polisi: kukushika ni shambulio hata kama hukuumia.