Amejiunga, ameandikishwa au ameajiriwa?

SWALI: Asalaam alaykum Mwalimu. Nasaidia kuandika barua katika ofisi ya sheha, kiongozi wa shehia yetu, huku Wete, Pemba. Vijana wanaotaka kwenda jeshi huja kuchukua utambulisho, na kila mmoja wetu ana neno lake: huyu huandika "amejiunga", mwengine "ameandikishwa", mwengine "amesajiliwa". Barua moja iliyosema "amejiunga na jeshi" ilirudishwa, ilhali kijana ndiyo kwanza anaomba. Lipi sahihi?

JIBU: Waalaykum salaam. Maneno yote hayo ni Kiswahili safi, ila kila moja lina hatua yake. Barua yenu imeponzwa na -me-. "Amejiunga" maana yake ameshapokelewa. Kwa muombaji andikeni "anaomba kujiunga na", kisha jina la chombo. Na hiyo "na" msiidondoshe. Mitaani tunasema "kaingia jeshi" na tunaelewana, lakini "kujiunga jeshi" kwenye barua ni pungufu.

"Kujiunga" hubeba hiari: mtu ametaka mwenyewe. "Kuandikishwa" ni kazi ya ofisi, jina kuingia daftarini, na halisemi kama mtu alipenda au alilazimishwa. Kwa hiyo linawafaa hata waliochukuliwa vitani kwa nguvu zama za ukoloni. Likisimama peke yake, msomaji wa hapa atafikiria daftari la wapiga kura au mtoto anayeanza skuli. Andikeni "ameandikishwa jeshini".

"Kusajiliwa" liacheni kabisa. Vikosi vya hapa Zanzibar, yaani KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na KVZ (Kikosi cha Valantia Zanzibar), vina timu za mpira, na ukiandika "amesajiliwa na KMKM" umetangaza mchezaji mpya.

Neno la kuchungwa zaidi ni "kuajiriwa", kwa sababu linagusa riziki ya mtu. Kijana anayejitolea JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) yumo mafunzoni, hajaajiriwa, na JKT lenyewe hukumbusha katika matangazo yake kwamba mafunzo hayo si ahadi ya ajira. Mkimwandikia "ameajiriwa", familia itahesabu mshahara usiokuwepo, na maelezo yake yatapingana na karatasi zake siku atakapoomba kazi kwengine. Aliyemaliza kidato cha sita akatakiwa kambini kwa mujibu wa sheria, huyo "ameitwa", kisha "ameripoti". Akiwa kwenye mafunzo ya awali ni kuruta, wengi makuruta. "Ameajiriwa" isubiri barua ya ajira.

Halafu tajeni chombo kwa jina lake, kwani "jeshi" peke yake hapa Zanzibar halitoshi. JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), lililoundwa Septemba 1, 1964, ni la Muungano, kwa kuwa ulinzi ni jambo la Muungano. JKU, KMKM na Chuo cha Mafunzo (yaani magereza) ni Idara Maalum za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zilizotajwa katika kifungu cha 121 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984. JKT na JKU hutofautiana kwa herufi moja tu, na hapo ndipo vidole huteleza. Basi mara ya kwanza andikeni jina zima, Jeshi la Kujenga Taifa au Jeshi la Kujenga Uchumi.

Kwa kijana wenu, sentensi hii inatosha: "Aliyetajwa ni mkaazi wa shehia hii na anaomba kujiunga na mafunzo ya kujitolea ya Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU)." Akichaguliwa, badilisheni "anaomba" iwe "amechaguliwa", mengine yabaki kama yalivyo.