New York haikusubiri mwaka 1964

Wapo wanaosema marufuku ya ubaguzi kazini Marekani ilianza na sheria ya taifa ya haki za kiraia ya 1964. Hapana ndugu, haikuanza hapo. Bunge la jimbo la New York, lililokutana Albany mwanzoni mwa 1945 vita vikiwa bado vinapiganwa, lilishapitisha sheria ya Ives-Quinn, iliyowakataza waajiri kubagua watu kwa rangi, dini au asili, na iliyopewa majina ya wabunge wawili walioileta. Ives alikuwa Republican, Quinn alikuwa Democrat, na mswada ukapita kwa kura 109 dhidi ya 32 katika baraza la chini la bunge hilo, kisha 49 dhidi ya 6 katika Seneti yake. Gavana Dewey akausaini Machi 12.

Uzito wake uko kwenye mambo madogo: hata fomu ya kuombea kazi haikuruhusiwa tena kumchuja mtu kwa kumuuliza dini au asili yake. Malalamiko yalipelekwa kwa tume ya watu watano, iliyoanza kwa kusuluhisha. Aliyekaidi amri yake angeweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini ya hadi dola 500.

Ila iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani, na hilo linaniuma, maana wanawake weusi wengi walipata riziki humo. Waajiri wenye wafanyakazi chini ya sita nao hawakuguswa.