Geuza jiwe kabla hujajaza chupa

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kutathmini afya ya kijito, nilifika na chupa sita, kipimajoto na kifaa cha kupimia oksijeni. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Vipimo vyote vilitoka vizuri: maji maangavu, oksijeni tele, harufu hakuna. Nikaandika kwamba kijito ni kizima. Nilipokuwa nafunga mizigo, mzee mmoja aliyekuwa akivua hapo kwa miaka mingi akaniuliza kama nimetazama chini ya mawe. Sikuwa nimetazama. Akainama, akageuza jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Chini yake palikuwa na utelezi mweusi na funza wekundu, basi.

"Uchafu huwa unafunguliwa usiku, mwanangu," akaniambia. "Ukija mchana unakuta ushapita."

Ripoti ile niliichana. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza na chupa. Chupa inakueleza habari za maji ya dakika ile uliyoichota. Wadudu wa chini wameishi humo miezi kadhaa, hawana pa kukimbilia, na sumu ikipita usiku mmoja wao ndio wanaobeba matokeo yake.

Maarifa haya ni ya zamani. Wajerumani Kolkwitz na Marsson walichapisha mwaka 1908 na 1909 orodha za mimea na wanyama wanaoonyesha kiwango cha uchafu wa maji. Baadaye Uingereza ikaja na mfumo wa alama uitwao BMWP, ambao kila familia ya viumbe hupewa alama kati ya 1 na 10. Afrika Kusini wana wao, SASS, pamoja na toleo jepesi la miniSASS ambalo hata wanafunzi wanaweza kulitumia. Tumia mfumo uliotengenezwa kwa mito inayofanana na yako, maana viumbe hutofautiana kutoka bara hadi bara.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Simama mtoni ukitazama maji yanakoelekea, shika wavu mbele yako ukigusa chini, kisha koroga mawe kwa miguu kwa dakika tatu. Mimina ulichopata kwenye sinia nyeupe lenye maji kidogo, halafu tulia. Wengi hukosea hapa: wanatazama sekunde kumi, wanaona matope, wanamwaga. Subiri tope litue, ndipo vitu vianze kutembea. Utaona tunutu, yaani wadudu wachanga, wenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni, utaona wengine wenye mikia miwili wanaong'ang'ania mawe, utaona buu aliyejijengea nyumba ya punje za mchanga. Ukiwakuta hao kwa wingi, moyo utulie. Wanataka oksijeni nyingi na hawavumilii uchafu. Ukikuta minyoo na funza wekundu peke yao, kuna tatizo. Wekundu wao unatokana na hemoglobini, kama ile ya damu yetu, inayowawezesha kuishi mahali ambapo wenzao wangekosa pumzi.

Ila usilinganishe kinamasi na kijito cha mlimani. Kinamasi kizima kina maji yaliyotulia, yenye oksijeni kidogo kwa asili yake, na wale wa mikia miwili huenda usiwaone kabisa. Nimewahi kusoma tathmini iliyokihukumu kinamasi kizuri kwamba "kimechafuka" kwa sababu hiyo tu. Tafuta eneo la aina ileile ambalo halijaguswa sana, likuoneshe hali njema ya mahali kama hapo ikoje.

Oksijeni nayo ina hila zake. Maji ya nyuzi 20 yakishiba hubeba takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama 7.5 tu. Tena mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni mchana, kisha usiku kila kiumbe anaivuta na hakuna anayeitoa. Kwa hiyo pima kabla jua halijachomoza. Samaki wanaokufa kwa kukosa hewa mara nyingi hufa alfajiri, na wewe ukija mchana utapata namba nzuri juu ya maji yenye mizoga.

Kwa ardhi oevu, chukua jembe. Msimu wa kiangazi mahali panaweza kuonekana pakavu, watu wakaliita pori lisilo na kazi. Chimba hadi sentimita 50. Udongo ukiwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, hapo maji hukaa. Ule ukijivu unatokea pale chuma cha udongoni kinapokosa oksijeni, na kutu inajitokeza hewa inapopenya, hasa kandokando ya mizizi.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa zaidi. Tulipewa kinamasi kilichokauka, tukapanda mamia ya miche ya mimea ya majini. Tulifanya kazi kwa moyo wote. Ndani ya mwaka mmoja ilikufa karibu yote. Pembeni, ndani ya nyasi, kulikuwa na mtaro wa zamani uliokuwa ukinyonya maji kila siku, na hakuna kati yetu aliyeuzunguka mpaka wa eneo kwa miguu kabla ya kupanda. Baadaye tuliuziba kwa vizuizi vya udongo hatua kwa hatua. Maji yakarudi, na matete na ndago vikaota bila kupandwa, kwa mbegu zilizokuwa zimelala udongoni. Kwa hiyo jua kwanza maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi na yanakaa muda gani. Bajeti ya miche ije baadaye, kama itahitajika.

Hivyohivyo kwa magugumaji na mwani wa kijani. Kuyaopoa pekee ni kazi ya kurudia kila msimu, kwa kuwa kinachoyalisha ni mbolea na maji taka yanayoendelea kuingia. Ziwa Washington, kando ya jiji la Seattle huko Marekani, lilikuwa limejaa mwani kwa sababu ya maji taka. Kati ya mwaka 1963 na 1968 maji taka hayo yakaelekezwa kwingine, na ndani ya miaka michache kisahani cheupe cha kupimia uangavu, ambacho awali kilipotea machoni kabla ya kufika mita 1, kikawa kinaonekana hadi mita 3. Waliziba chanzo cha rutuba, ziwa likafanya lililobaki.

Jambo la mwisho, simika mti wenye alama za sentimita ndani ya maji, na kigingi nchi kavu cha kupigia picha kutoka pale pale kila mwezi. Anza kabla hujagusa kitu. Kwenye kile kinamasi chetu sikupiga picha hata moja kabla ya kuziba mtaro. Sasa kuna wanaotaka ufunguliwe tena, wakisema maji yalikuwapo siku zote, na nilichonacho cha kuwaonyesha ni daftari la vina vya maji linaloanzia wiki tuliyoziba, lisilo na ukurasa wa kabla yake.