Maswali ya Wasomaji: Kaveera (mfuko wa plastiki) kutoka ukijani wa ziwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nauza samaki Ggaba, hapa Kampala kando ya Ziwa Viktoria. Kuna miezi maji huwa kijani hadi mitumbwi inabaki na mstari ubavuni. Kijana wangu wa chuo anasema vijidudu hivyo hutengeneza plastiki inayooza. Tukiteka ndoo ikapimwa, tutapata kaveera?
Mama Sauda, Ggaba

JIBU: Marahaba, Mama Sauda. Kijana hajakudanganya. Vijidudu hivyo vya kijani huitwa sianobakteria; wengi wao huweka akiba ya kaboni ndani ya seli, na akiba hiyo ni plastiki kweli, iitwayo kwa kifupi PHB, ambayo vijidudu vya udongoni huila ikaisha. Mfaransa Maurice Lemoigne aliigundua mwaka 1926 katika bakteria wa jamii nyingine.

Ila ndoo yako siitaki. Ukijani wa hapo mara nyingi ni sianobakteria aina ya Microcystis, na baadhi yao wana sumu inayoharibu ini. Watoto wasiogee humo. Halafu ute wao umejaa bakteria wengine, ambao baadhi hutengeneza PHB wenyewe. Ukipima mchanganyiko, utamsifu asiyehusika. Ndiyo maana tunaanza kwa kutenga: tone linapakwa kwenye agari (jeli ya kuoteshea vijidudu), kinachoota kinahamishwa tena na tena mpaka hadubini ionyeshe aina moja tu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hunikimbia.

Baadaye tunawanyima naitrojeni, mwanga tukiwaachia. Protini hawawezi kujenga, kwa hiyo kaboni wanayoinasa huenda akibani, na chupa inageuka manjano. (Wanaovuta naitrojeni hewani hawashtuki, hao wanyime fosforasi.) Ukiwapaka rangi ya Sudan Black, utaona punje nyeusi ndani ya seli. Usishangilie bado, rangi hiyo hushika mafuta pia. PHB inatolewa kwa klorofomu, kisha inapashwa moto ndani ya asidi kali ya salfuriki, inageuka asidi ya krotoniki, nayo spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa, huisoma kwenye mwanga wa nanomita 235. Kipimo hicho nakiamini.

Kuhusu kaveera, PHB ya aina nyingi za porini haifiki asilimia 10 ya uzito wao mkavu. Mwaka 2020 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walibadili jeni za sianobakteria aitwaye Synechocystis, wakamlisha asetati (chumvi ya asidi ya siki), wakavuka asilimia 80. Na hata ukiipata, PHB tupu huvunjika kama biskuti. Sato wako watamwagika kabla ya kufika Kabalagala.

Kijana ajaribu maziwa ya magadi ya upande wa Katwe, ile ya magharibi mwa Uganda, ambako maji makali huwazuia wavamizi wengi. Aombe kibali kwanza, maana mengi yako ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth.