Mfalme aliyelalia vibao vyake

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili ananiambia Charlemagne, yule mfalme aliyehimiza shule Ulaya, mwenyewe hakujua kuandika. Nikabisha. Akanionyesha kwenye simu kitabu chake, herufi za dhahabu juu ya kurasa za zambarau, mwaka 781. Nani kashinda? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kashinda mwanao, ila kwa bao moja tu. Einhard, mwandishi wa maisha yake aliyeishi naye ikuluni Aachen (Ujerumani ya leo), anasimulia kwamba mfalme aliweka vibao vya kuandikia na vijitabu chini ya mto wa kitandani, ili akipata nafasi azoeze mkono kuumba herufi. Hakufika mbali, maana alianza umri umekwenda. Lakini Einhard huyohuyo anasema Kilatini alikizungumza kama lugha ya mama, Kigiriki akikielewa kuliko kukisema, na elimu ya nyota alifundishwa na Alcuin, msomi wa York, Uingereza.

Enzi zile kusoma na kuandika zilikuwa kazi mbili. Kuandika kulikuwa ufundi: unyoya wa bata bukini, wino, na ngozi iliyolowekwa kwenye chokaa, ikawambwa na kukwanguliwa. Mkubwa alisema, karani akaandika. Nami nimefundisha ngumbaru. Nimemwona mzee anayepiga hesabu za korosho kichwani bila kukosea senti, akitoka jasho kwa herufi g. Mkono uliozoea jembe hushika chaki kama mpini. Wa Charlemagne ulizoea upanga, kwa hiyo simcheki.

Kilichomkera ni barua za watawa: nia njema, Kilatini kibovu. Aliona kwamba anayekosea maneno atakosea na Maandiko. Mwaka 789 akaagiza watoto wafundishwe zaburi, uimbaji, hesabu na sarufi. Agizo hilo lina kipengele ninachokipenda: Injili ikihitaji kunakiliwa, wainakili watu wazima kwa uangalifu wote. Inaonekana vitabu vingi vilikuwa vimeshapita mikononi mwa vijana wenye haraka!

Kitabu alichokuonyesha bila shaka ni kile cha karani Godescalc, masomo ya Injili yaliyoagizwa na mfalme na mkewe Hildegard. Kiko Paris, maktaba ya taifa. Zambarau na dhahabu zilikuwa rangi za makaisari wa Roma, na Charlemagne alitaka hilo lionekane, ingawa taji la kaisari alivishwa miaka 19 baadaye. Picha za kitabu hicho, pamoja na Kristo kijana asiye na ndevu, wengi huzisifu. Mimi macho yale makubwa hunitisha kidogo.

Mwambie mwanao aende kurasa za mwisho. Injili yote imeandikwa kwa herufi kubwa za fahari, lakini kwenye shairi la wakfu Godescalc kabadili mwandiko: herufi ndogo, za mviringo. Kilatini chake hamtakijua, lakini b, m na n mtazitambua mara moja.