Papa ana Parkinson na bega linamuuma: apumzike au afanye mazoezi?

SWALI: Papa yangu ana miaka 68, tunaishi Kadutu, hapa Bukavu. Ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaokaza mwili na kuutetemesha, na anakunywa dawa yake, levodopa, mara tatu kwa siku. Bega la kuume linamuuma sana, na alfajiri vidole vya mguu vinajikunja kwa maumivu. Majirani wanasema apumzike. Tufanye nini?

JIBU: Asante, dada. Papa asilale; bega hilo linahitaji kutumika. Parkinson hukaza misuli, na mkono ukiacha kupunga wakati wa kutembea, bega huanza kuganda. Wagonjwa wengi huumwa bega hata kabla ya kuanza kutetemeka, wakadhaniwa wana baridi yabisi. Kukaa kitandani kunaongeza ugumu uleule unaomuumiza.

Anzeni na saa ya dawa. Afanye mazoezi dawa ikiwa imeshika, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja baada ya kuimeza. Kama tumbo linakubali, aimeze nusu saa kabla ya kula, maana protini ya sambaza, maharagwe au nyama hushindana na levodopa kuingia mwilini. Vyakula hivyo asiviache, anavihitaji.

Kwa bega, asimame akitazama ukuta, aweke kiganja juu ya kitambaa ukutani, akisukume juu polepole mpaka ahisi misuli inavutika. Apumue hapo, mhesabu hadi kumi, ashuke. Arudie mara kumi, asubuhi na mchana. Mhesabieni kwa sauti, au aimbe wimbo wa kanisani anaoupenda: ugonjwa huu hupunguza ukubwa wa mwendo bila mwenyewe kujua, na mdundo humsaidia kuunyoosha tena. Tafadhali msimvute mkono. Watoto hufanya hivyo kwa upendo, na bega linazidi kuumia.

Misuli kuvutika si tatizo. Maumivu yakiendelea zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi, kesho punguzeni idadi, lakini msiache.

Vidole vya alfajiri ni jambo lingine. Mara nyingi ni dawa ya usiku iliyokwisha nguvu, na mazoezi peke yake hayatatosha. Andikeni saa ya kila kidonge na saa ya kila maumivu kwa juma zima, mumpelekee daktari. Yeye ndiye wa kupanga upya dawa. Kwa sasa, akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, akanyage vizuri kwa kisigino na kuvuta vidole juu. Asisimame ghafla, presha inaweza kushuka akaanguka.

Kutembea pia kunasaidia sana, ila miteremko ya Kadutu baada ya mvua haimfai. Mtafutieni mahali tambarare, na mtu awe kando yake.

Akianguka, bega likivimba na kuwa la moto, au mguu ukilegea ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na kama ananunua diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku dukani, mwambieni daktari: kwa umri wake inaweza kuumiza tumbo na figo.