Mwanangu, umeuliza walijuaje kuwa fuvu ni la Mkwawa

Kamwene mwanangu,

Hapa Iringa tu wazima, isipokuwa baridi ya Julai imetukamata sawasawa na mdogo wako habanduki jikoni. Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwenzako kazini huko Dodoma amekubishia kuhusu fuvu linalotunzwa hapa Kalenga: eti gavana wa Kiingereza aliokota fuvu lolote kabatini kwa Wajerumani akatuletea ili tutulie, na wewe ukakosa la kumjibu. Unaniuliza walijuaje kuwa ni la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na wanao uwaambie nini.

Mwenzako usimkasirikie. Swali lake ni la haki, ila jibu lake kalirahisisha mno.

Kifo chenyewe hakina ubishi. Baada ya mapigano ya Lugalo, Agosti 17, 1891, ambako kikosi cha kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, kiliangamizwa na yeye mwenyewe akauawa, Wajerumani hawakulala. Oktoba 30, 1894 waliiteka ngome ya Kalenga, na kwa karibu miaka 4 Mkwawa akawa anahamahama porini huku kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Julai 19, 1898 doria iliyoongozwa na sajini aitwaye Merkl ilimfikia Mlambalasi, ikamkuta ameshakufa. Alijipiga risasi kuliko kukubali kushikwa. Merkl akaamuru kichwa kikatwe, akaondoka nacho kama ushahidi. Kiwiliwili kilizikwa palepale Mlambalasi, na kaburi lipo hadi leo.

Shaka inaanzia pale kichwa kilipoondoka Iringa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa akiisimamia nchi hii kwa niaba ya Waingereza, alishauri kichwa kidaiwe, kwa kuwa Wahehe waliwasaidia Waingereza vitani. Dai likaingia kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246: Ujerumani ilitakiwa kukabidhi fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi 6. Hebu fikiria, mwanangu, mkataba wa kumaliza vita vya dunia, na mtu wa Kalenga yumo kwa jina lake! Kila nikifika hapo moyo hunijaa. Wajerumani wakajibu kuwa hawanalo, na Waingereza wakaacha kulifuatilia.

Aliyelifufua jambo ni Gavana Edward Twining. Mwaka 1953 alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Lingekuwapo lililoandikwa jina la Mkwawa asingehangaika; ilibidi achuje. Kwanza vipimo: jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai walikuwa wamepimwa vichwa, upana ukalinganishwa na urefu, basi yakatengwa mafuvu ambayo uwiano wake unakaribiana na wao. Kisha tundu la risasi. Katika yaliyotengwa, moja tu lilikuwa nalo. Hilo ndilo lililokabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, mwaka 1954. Ni Adam Sapi huyohuyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Kwa hiyo si kweli kwamba liliokotwa tu. Palikuwa na utaratibu. Kama utaratibu ule ulitosha, hilo ni jambo jingine.

Mimi nimefanya kazi kliniki ya watoto hadi nastaafu. Kuzungusha utepe kwenye kichwa cha mtoto, juu ya nyusi hadi pale kisogo kinapotokeza, ni kazi ambayo mikono yangu inaijua hata gizani. Watoto wa tumbo moja, baba mmoja, nimewakuta na vichwa visivyofanana hata kidogo. Na mtoto wa Mkinga na wa Mhehe wasiojuana kabisa nimewakuta wanalingana. Kipimo kinaweza kukuambia huyu huenda ni wa ukoo ule. Hakiwezi kukuambia huyu ni fulani. Tena kupanga watu kwa maumbo ya mafuvu ndiyo elimu ileile iliyowafanya Wajerumani wakusanye vichwa vya wazee wetu. Inaniuma kwamba hiyohiyo ndiyo iliyotumika kumtafuta.

Tundu la risasi lina uzito zaidi, kwa sababu tunajua alivyokufa. Lakini katika miaka ile ya vita waliopigwa risasi walikuwa wengi, wa huku kwetu na wa kwingineko.

Na pengo kubwa kuliko yote mwenzako hakulitaja. Uchujaji ule wote unasimama juu ya sharti moja, kwamba kichwa cha Mkwawa kilikuwa Bremen. Mbuzi wako akipotea ukamtafuta kwenye zizi moja tu, ukampata mmoja mwenye alama sikioni utasema ndiye, kumbe wako amefungwa zizi la pili. Na mazizi yalikuwa mengi. Berlin peke yake, watafiti wa huko wamechunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, na 202 wakayahusisha na Tanzania.

Watafiti haohao wametuonyesha njia iliyokosekana wakati wa Twining. Mwaka 2023 walitangaza kwamba walilinganisha vinasaba vya baadhi ya mafuvu hayo na vya watu walio hai hapa nchini, na mafuvu 3 yakapata ndugu zao, watu wa Kilimanjaro. Hapo hakuna kukisia umbo la kichwa. Damu inasema yenyewe. Na wako wanaosubiri bado. Mwaka huohuo, Novemba, rais wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji, na kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika vita hivyo, mpaka hapo kilikuwa hakijulikani kiliko.

Ukumbi wa makumbusho wa Kalenga, linakotunzwa fuvu, wapeleke wanao. Waambie hili ndilo fuvu ambalo ukoo ulilipokea kuwa la Mkwawa, na uwaeleze lilivyotafutwa, na vipimo na tundu, usiwafiche kitu. Watoto wa siku hizi wakija kuyasoma kwingine watakuuliza kwa nini ulinyamaza.

Kuhusu kulipima vinasaba, neno ni la ukoo wa Mkwawa, si langu wala la mwenzako. Ila umetaka maoni yangu: mimi ningependa lipimwe. Likiwa lake, ubishi umekwisha. Lisipokuwa lake, basi tangu 1954 tunamtunza Kalenga mtoto wa watu wengine, ambao huenda nao wanamtafuta, na Mtwa mwenyewe bado yuko ugenini kwenye rafu, hajulikani.

Desemba shule zikifungwa njooni wote. Tutaanzia Mlambalasi.

Mama yako